Taji Huachwa Wazi Nyuma

Kwa mama yetu Cécile Nyiramana, wa Rwezamenyo, Kigali, aliyetutoka Juni 1992

Tss. Kidogo tu, gizani, kabla jogoo wa kwa Mama Mwamini hajawika: kijiko cha moto kikigusa kitambaa kilicholowa maji. Mlio huo ndio uliokuwa ukituamsha nyumba nzima, Mama, na sasa mwaka umezunguka bila mkono wako kuutoa. Ulituaga Juni ya mwaka jana, wiki ileile ambayo mabinti wa komunyo walikuwa wangali wanapita barabarani na mataji uliyowatengenezea.

Uliamka mapema kwa sababu ulitaka makaa yafanye kazi mbili, kwanza vijiko vyako, halafu chai yetu. Ulikaa kwenye kigoda, kijiko kimoja motoni na kingine mkononi, ukikigusisha kwenye kitambaa na kusikiliza. Kikilia kwa ukali, ulingoja. Kikilia kama mtu anayenong'ona, ulikikandamiza juu ya kipande cheupe cha satini ulichokikausha kwa wanga wa muhogo, na kile kipande kilichokuwa bapa kinajikunja taratibu, kinakuwa jani la ua. Majani matano yakifungwa pamoja kwa uzi, tayari ni ua la kahawa, kama yale ya kwenu Gitarama mvua zikianza. Waridi hukulitaka. Ulisema waridi ni la watu wa kadi za posta.

Mtaa mzima ulikuwa mikononi mwako. Mabinti wa komunyo, wasindikizaji wa bibi harusi, na Idi ikikaribia, mabinti wa majirani zetu Waislamu, ambao maua yao uliyafanya ya yasmini, na kwao uliongeza shanga. Hukuwahi kuwa na futi ya kupimia. Ulimkalisha mtoto mbele yako, ukamshika kichwa kwa viganja viwili kama mtu anayechagua tikiti sokoni, ukamwambia kichwa chake kina akili nyingi, ndiyo maana waya mwingi utahitajika. Wote waliamini. Kitambaa cha taji kilikuwa ni masalio ya gauni la mtoto mwenyewe, ulimwomba fundi asiyatupe, ili kichwa na gauni viwe vya nguo moja.

Silvère, mwanao, anasema alikua akidhani kila nyumba ina waya wa umeme uliochunwa na vipande vya mishumaa ya kanisani kwenye kabati la vyombo. Mzee Cyriaque, mume wako, anasema alioa mwanamke mmoja akajikuta analala na bustani. Alikuwa akilisema hilo ukiwepo, nawe ukimjibu kwamba bustani haikoromi.

Na Vestine, mkamwana wako. Alikuja hapa akiwa msichana aliyeishia darasa la tano, akakuta ukimuuliza siku ya pili tu kama angependa kurudi shule. Masomo ya jioni yalipoanzishwa parokiani, ulimwondolea mtoto mgongoni, Mukunde akiwa bado ananyonya, ukamfunga mgongoni mwako kwa kitenge. Alipositasita mlangoni ulimwambia aende akasome, huyo mtoto umemzaa wewe, yeye alikusaidia tu kumbeba. Vita vilipoanza kaskazini na ikawa marufuku kutembea usiku, masomo yalifupishwa, lakini bado ulikuwa unasimama pale njia panda na taa ya chemli, hata mwanga ukiwepo. Ukisikia viatu vyake unaizima na kugeuka kwenda nyumbani bila neno, kama mtu aliyekuwa amekwenda kutazama hali ya hewa. Siku aliyofaulu mtihani ulimbania ua la kahawa nyweleni, mwanamke mzima, mama wa watoto wawili, ukamtuma hivyo hivyo sokoni kununua chumvi. Nyumbani chumvi ilikuwepo.

Kila asubuhi alikaa karibu nawe kwa muda mfupi kabla ya kuweka chai. Kazi yake ilikuwa nyuzi za katikati ya ua, kuzipiga fundo na kuzichovya kwenye nta. Baadaye ulimpa kijiko. Sehemu ya mwisho, ya kulifunga taji kichwani pa mtoto, uliifanya mwenyewe, mtoto akiwa amesimama mbele yako, na saa hiyo Vestine alikuwa daima jikoni na sufuria. Alichokiona ni taji lililokwisha, na nyuma fundo kubwa la utepe lililokaa kama kipepeo. Tunakuambia hili, Mama, kwa sababu huko ndiko yalikotokea mambo ya Jumamosi.

Unakumbuka ulimwahidi mjukuu wako Aurore. Kifua kilikuwa kimekubana, huwezi kukaa, ukamshika kichwa kwa viganja viwili ukiwa umelala, ukamwambia lake ni la mwaka unaofuata. Sasa ana miaka tisa na mwaka wake umefika. Baba yake alitaka kumnunulia taji la dukani mjini, lenye maua ya plastiki. Aurore alisema hapana. Alisema asipovaa la nyumbani ataingia kanisani kichwa wazi, na wewe unajua akisema kitu kwa sauti ile ya chini, kimekwisha. Vestine hakulala vizuri wiki nzima. Aliwaza mstari wa mabinti, wote na mataji, na katikati yao mtoto mmoja hana kitu, naye ndiye mjukuu wa nyumba iliyowavika wenzake wote. Akaapa kulitengeneza.

Satini imeadimika. Tangu barabara ya Uganda ifungwe, wauzaji wanaikata kama nyama. Fundi alibana gauni la Aurore kadiri alivyoweza, na masalio yakatosha maua ya taji moja tu, hata moja la ziada halikupatikana.

Jumamosi alfajiri akawasha makaa. Akachukua vijiko vyako. Akakigusa kimoja kwenye kitambaa: tss. Akangoja, akagusa tena, kikanong'ona. Alikuwa amekandamiza majani machache alipohisi mtu mlangoni. Ni Mzee Cyriaque, amejifunika blanketi, miguu mitupu. Tangu uondoke hakuwahi kukanyaga jikoni asubuhi. Alimtazama Vestine, akatazama kigoda, na Vestine akaona uso wake unavyojikusanya upya, polepole, kama wa mtu aliyekuwa amefungua mlango akitegemea kumkuta mwingine.

"Nilisikia," akasema. Basi. Akavuta ndoo ya plastiki, akaigeuza, akaikalia, na hakuondoka mpaka kulipokucha.

Taji likaisha, zuri, Mama, hatusemi kwa kumpendelea. Maua yote ya ukubwa mmoja, waya umevikwa uzi mweupe, mviringo umefungwa imara, fundo la utepe limeshonewa juu yake kwa nyuma. Vestine akamvika Aurore, akamgeuza ili babu yake aone.

Mzee akatazama mbele, akatazama nyuma, akaingiza kidole chini ya utepe. Akavuta pumzi.

"Hongera, mjukuu wangu," akasema. "Umejifungua lini?"

Silvère akaweka kikombe chini kwa haraka asije akamwaga chai. Vestine hakuelewa. Ndipo Mzee akamweleza, huku mabega yakianza kumtikisika, kwamba mviringo uliozibwa ni urugori, ule wa bua la mtama ambao mwanamke wa kwetu huvaa kichwani akishakuwa mama. Hakuna aliyewahi kumfungia msichana mviringo mzima. Taji lako wewe lilikuwa wazi nyuma siku zote, ncha mbili zisizokutana, na lile fundo la kipepeo lilikuwa ni utepe unaozishika. Akajaribu kuendelea, akashindwa. Alicheka mpaka akakohoa, akacheka tena, akijifuta machozi kwa blanketi. Mwaka mzima hatukuwa tumesikia kicheko hicho. Aurore naye akaanza, taji likicheza kichwani.

Vestine alicheka nao kidogo, kisha akatoka nyuma ya nyumba na huko akalia. Hakulia kwa kuchekwa. Alilia kwa kuwa alikaa ubavuni pako miaka yote ile na kitu cha mwisho hakukiona, na hukuwepo tena ili akuulize.

Silvère alileta koleo. Alikata waya kwa uangalifu wote wa seremala, lakini waya uliokuwa umekazwa uliruka, na maua matatu yaliyokuwa kwenye ncha yakavunjika. Wanga ukishakauka haubembelezeki, unalijua hilo. Yakabaki makombo meupe kwenye kiganja chake. Taji sasa lilikuwa wazi nyuma, naam, lakini wazi kupita kiasi, na upande mmoja upara mtupu. Kitambaa hakuna. Maduka ya satini yalikuwa yameshauza yote kwa ajili ya kesho. Aurore alitazama makombo yale, akasema kwa ile sauti yake ya chini kwamba si kitu, atakwenda hivyo hivyo.

Mama Mwamini alikuwa anaanika nguo upande wa pili wa ukuta. Akauliza kulikoni, mbona nyumba iliyocheka asubuhi imenyamaza adhuhuri. Akaelezwa. Akaacha nguo kwenye beseni, akaingia kwake, akarudi na taji la Idi ulilomfanyia Mwamini miaka ile, lile la yasmini. Limevaliwa na Mwamini, likavaliwa na mdogo wake, likavaliwa na wa tatu, kila mmoja na kichwa chake, utepe ukilegezwa na kukazwa. Akalifungua mbele ya Vestine amwonyeshe ncha zake.

"Mimi nilimuuliza Cécile mwaka ule, kwa nini huzibi?" akasema. "Akaniambia, kichwa cha mtoto bado kinakua, na nyuma yake kuna mdogo wake anangoja."

Kisha akachukua mkasi, yeye mwenyewe, na kabla hajazuiwa akakata maua matatu. Vestine akamshika mkono. Akauliza kama si vibaya, ua la Idi kuingia nalo kanisani.

"Lilitoka nyumba hii, linarudi kwao tu," akasema Mama Mwamini. "Padri akiuliza, mwambie limeshafunga Ramadhani tatu, halina dhambi."

Kwa hiyo, Mama, taji la Aurore lina maua yako matatu. Ukilitazama kwa mbali hayatofautiani na mengine. Kwa karibu, yako ni ya yasmini, yameanza kuwa na rangi ya maziwa, na katikati ya moja bado kuna ushanga. Vestine aliyashona kwenye ncha ya kulia. Jumapili alfajiri alimsimamisha Aurore mbele yake, akamshika kichwa kwa viganja viwili, akafunga utepe nyuma, akaulegeza, akaufunga tena. Safari hii sufuria ya chai ilishikwa na Silvère, ikaungua.

Mjukuu wako alitembea kwenye mstari kama wenzake. Wanawake waligeuka. Baada ya misa mmoja alimuuliza nani kamfanyia, naye akajibu kwamba ni Bibi na Mama. Wiki hii wawili wameshakuja kuuliza kama nyumba imefunguliwa tena. Vestine amewaambia wangoje satini. Redioni wanazungumza habari za amani, na sisi tumekaa mkao wa kuiamini. Barabara zitafunguka, vitambaa vitarudi, na vijiko vipo.

Misa ya kukuombea itasomwa Jumamosi hii asubuhi parokiani, na baada yake tutakuwa nyumbani kwa wote waliokupenda. Wenye mataji yako kabatini wayalete. Hatuyachukui, tunataka kuyaona tu.

Tuliokaa mezani jioni ya Jumapili, tukikutaja kama mtu aliyekwenda dukani, ni sisi: mume wako Cyriaque, aliyeweka kigoda chako pembeni mwa kiti chake, mwanao Silvère na mkewe Vestine, binti yako Béatha, aliyefika kutoka Butare na mumewe, jirani yako Mama Mwamini na wanawe, ambao hatujui tena kuwahesabu kama wageni, na wajukuu zako, Aurore na Mukunde. Asubuhi yoyote makaa yakiwashwa humu ndani, wewe upo, na jina lako halitapoa.

Aurore alikuwa amelivua taji akaliweka juu ya kiti. Mukunde, yule uliyembeba kwa kitenge, sasa ana miaka minne. Hakuomba ruhusa. Alilichukua kwa mikono miwili, akalivaa, likamshukia mpaka machoni. Tukangoja Aurore amkemee. Badala yake akaenda nyuma ya mdogo wake, akafungua utepe, akauvuta taratibu mpaka zile ncha mbili zikakaribia kugusana, akafunga kipepeo. Mukunde akatikisa kichwa kulia, akatikisa kushoto, taji likatulia mahali pake.

"Mama, linanitosha," akasema.