Kura Yangu na Kabati la Vitenge

Jumamosi, 4 Oktoba

Nimesafisha bunduki. Tambara, mafuta, mtutu wa kushoto, mtutu wa kulia. Mama kasema chumba kinanuka gereji. Nikamwambia hiyo ndiyo harufu ya mwanaume. Kasema mwanaume anatoa taka nje. Nimetoa taka.

Halafu kaja na vitenge vipya vitatu, kimoja cha tausi. Nikamfungulia kabati. La chuma, limekazwa ukutani kwa skrubu nne, polisi hawakupi kibali bila hilo. Nilinunua la bunduki tano. Ninayo moja. Nafasi iliyobaki Mama aliiona kabla yangu. Flati yetu hapa Barking, London, ina ukungu, nguo zinaota madoa ukiziangalia, lakini ndani ya chuma kitenge kinakaa kama kimetoka dukani. Kwa hiyo bunduki yangu inalala katikati ya vitenge vya java kama bibi harusi.

Sheria inasema asiwepo mtu mwingine wa kulifungua, wala wa kujua ufunguo ulipo. Na hakuna anayejua. Nimeufukia chini kabisa ya mkebe wa unga wa ugali. Nani atatafuta pale? Watu wenye akili yangu wangekuwa wengi mji huu, polisi wangekosa kazi.

Jumapili, 5 Oktoba

Klabuni. Mzee Popat alinipitia na gari. Anakaa Kenton, kuja Barking ni kuzunguka nusu ya London, lakini anasema asipopata mtu wa kupiga naye Kiswahili anazeeka. Kazaliwa Kisumu, ana duka la misumari na rangi. Ndiye mwenyekiti. Ndiye aliyenidhamini nikapata kibali, wakati hakuna mwingine aliyetaka kumdhamini kijana mweusi aliyeacha chuo.

Tunalenga visahani vya udongo vinavyorushwa na mashine. Leo nimevunja kumi na tisa kati ya ishirini na tano. Mzee Popat kumi na saba. Nimemwambia macho yake yapelekwe dukani kwake yakapigwe rangi.

Kisha kikao. Kuna uchaguzi mdogo wa ubunge na mgombea mmoja, Bi. Frances, anaomba barua yetu ya kumuunga mkono. Wagombea wako watatu. Wa kwanza anataka bunduki zote zitoke majumbani. Wa pili anataka mwenye bunduki asiulizwe chochote na mtu yeyote. Bi. Frances yuko katikati: kaa nayo nyumbani, ila polisi wawe na ruhusa ya kugonga siku yoyote, bila taarifa, wakague kabati.

Tuko tisa. Wanne ndiyo, wakiongozwa na Bi. Sheila, katibu, mwalimu mstaafu. Wanne hapana, wakiongozwa na Mzee Popat. Wote wakanigeukia.

Nikasema naomba wiki mbili nifikirie. Sikuwa na cha kufikiria. Nilitaka tu waendelee kuniangalia vile.

Jumanne, 7 Oktoba

Mimi ni mtu mkubwa. Mzee Popat kanitumia mfuko wa chevda, mchanganyiko wa njugu na dengu wa mke wake, kilo nzima. Bi. Sheila kaandika ujumbe kwamba visahani vyangu Jumapili ijayo ni bure. Nimewajibu wote wawili neno moja, "Natafakari."

Mama kauliza natafakari nini na mdomo umejaa chevda.

Alhamisi, 9 Oktoba

Barua ya polisi. Kibali changu kinaisha mwezi ujao, afisa atakuja kukagua Alhamisi ijayo saa nne asubuhi. Wiki nzima ya kujiandaa. Huo ndio ustaarabu.

Nikawaza mpango wa Bi. Frances. Mlango unagongwa tu, pap, afisa huyo hapo, anafungua kabati anakutana na kitenge cha tausi.

Nimeamua. Kura yangu ni hapana. Sababu ya kuwaambia watu: uhuru wa raia. Sababu ya kweli: java kumi na nne.

Jumamosi, 11 Oktoba

Leo kina mama wa maombi walikuwa kwetu. Wanakuja kila Jumamosi, wanaomba saa moja, wanakula saa tatu. Mama Neema kaingia kajifunga kitenge cha tausi. Kile kile. Nilikifungia mwenyewe wiki iliyopita.

Nikamvuta Mama jikoni.

"Kile kitenge kimetokaje kabatini?"

"Nimemwazima."

"Nani kakufungulia?"

"Deo, mwanangu. Nyumba hii nani anasonga ugali?"

Nimechimbua mkebe. Ufunguo upo, unang'aa. Kumbe kila akiutumia anauosha.

Nimeuhamisha. Safari hii mahali pa akili kweli: mfuko wa ndani wa jaketi langu la kazi. Lina zipu na sina desturi ya kulivua.

Jumapili, 12 Oktoba

Bi. Frances kaja klabuni. Nilitegemea mama wa viatu virefu. Kaja na buti zenye tope la zamani na bunduki ya marehemu baba yake. Nikajitolea kumwonyesha namna ya kusimama. Kanishukuru. Kavunja ishirini na moja. Mimi kumi na sita. Kulikuwa na upepo. Upepo ulikuwa upande wangu tu.

Hotuba yake fupi. Eti hataki bunduki zetu, anataka kujua zinalala na nani. Watu wakacheka. Mimi nikaangalia buti zangu.

Kwenye gari Mzee Popat hakunyamaza mpaka Barking. "Leo wanagonga, kesho wanabeba. Mimi nimeshaona serikali ikigonga, kijana. Usiniangushe." Nikamwambia atulie, kura anayo. Akafurahi mpaka akapitiliza mtaa wetu.

Jumatano, 15 Oktoba

Vitenge vyote viko chini ya kitanda changu, kwenye begi la safari. Kabati limebaki na bunduki peke yake. Nimefunga. Linaonekana zito, la kisheria.

Jioni zamu uwanjani Wembley, kuelekeza watu viti vyao. Mtu mzima kabisa kaniuliza goli liko upande gani.

Kila kitu tayari. Kesho huyo afisa atajifunza kazi.

Alhamisi, 16 Oktoba



Afisa kafika saa nne kamili. Mpole, mnene, amechoka. Mama kamwekea chai ya tangawizi na maandazi. Kala matatu. Mambo yanaenda. Kakagua skrubu, katikisa kabati, kasema safi. Kisha kasema, fungua.

Nikapeleka mkono kwenye jaketi. Jaketi halipo.

Nikakumbuka. Wembley. Jana msimamizi alisema majaketi yote yabaki yafuliwe. Ufunguo wangu uko ndani ya mashine ya kufulia, upande wa pili wa London.

Nikaanza kupekua. Mto. Viatu. Droo ya soksi. Afisa anatazama. Nikamwambia usalama wangu ni wa hali ya juu mno. Jasho mpaka kwenye magoti.

Ndipo Mama akaingia. Kaona mwanawe anahangaika mbele ya mgeni. Mama yangu hawezi kuvumilia kitu kama hicho. Kafungua fundo la kanga yake kiunoni.

"Deo, unajitesa bure. Si huu hapa?"

Ufunguo wa pili. Kabati lilikuja na funguo mbili, ule mwingine nilidhani ulipotea siku ya kwanza; kumbe Mama kauokota juzi akifagia. Akafungua yeye mwenyewe. Akasimama pembeni kama anayekata utepe.

Afisa kaweka kikombe chini. Kamuuliza Mama, kwa upole, nani mwingine hulifungua. Na Mama hajui kusema uongo, hasa kwa Kiingereza. Kahesabu kwa vidole. Yeye. Mama Neema, siku Mama akiwa bafuni. Yule dada Mkongo wa ghorofa ya juu, mara moja tu, alikuwa anawahi harusi.

Nilitaka sakafu inimeze.

Afisa kaandika ukurasa mzima. Bunduki kaondoka nayo, itakaa kwenye duka lenye leseni. Kasema hatanifutia kibali leo. Atarudi ndani ya mwezi mmoja. Nikauliza tarehe. Kanitazama tu. Akaomba andazi la njiani.

Ijumaa, 17 Oktoba

Kabati tupu. Nimelifungua mara tatu kuangalia utupu.

Mama kapika wali na nyama, nyama yote kaniwekea mimi. Hajui kuomba msamaha kwa njia nyingine.

Nina hasira naye. Halafu sina. Yeye aliona kabati la nguo, na mimi ndiye niliyempa nafasi aone hivyo, kwa sababu lilikuwa kubwa na nilikuwa najisikia fahari.

Kitu kimoja kinanisumbua. Mama Neema akija Jumamosi anakuja na Neema. Ana miaka saba. Anapenda kumsaidia Mama jikoni. Huwa anapewa kazi ya kuchota unga.

Sijamwambia mtu hili. Nimekaa nalo kwenye basi hadi Wembley kuchukua ufunguo na kurudi. Sikusikia hata muziki niliouweka masikioni.

Jumapili, 19 Oktoba

Mzee Popat alinipitia kama kawaida. Sikumwambia kitu. Yeye anapiga honi, anaimba. Nilijisikia mwizi.

Kikao. Bi. Sheila kasema tupige kura upya, kwa karatasi. Nikanyoosha mkono, nikaomba niseme kwanza. Nikasimama. Nikawaeleza yote. Mkebe wa unga, java, jaketi, fundo la kanga, dada Mkongo. Walicheka mpaka mmoja akashika ukuta. Hata mimi nilinogesha kidogo.

Halafu nikawaambia habari ya Neema. Kicheko kikakatika.

Nikasema, afisa alikuja kwa taarifa na mimi nilijiandaa vizuri kuliko mtu yeyote. Mama asingekuwa mwema, ningepasi. Angeondoka akiamini kabati langu ni salama. Hiyo ndiyo inayonitisha. Kwa hiyo nampigia kura Bi. Frances. Mzee, nisamehe.

Watu wazima wanane wanaangalia viatu vyao.

Tukaandika, tukakunja. Bi. Sheila akahesabu. Nilitegemea tano kwa nne. Ndiyo saba, hapana mbili. Akahesabu tena. Saba.

Hakuna aliyeuliza wengine wawili ni nani.

Mzee Popat kaendesha mpaka mtaa wetu. Kasimamisha gari, kazima injini. "Bangili za mke wangu," akasema. "Ziko mle kabatini na bunduki. Miaka ishirini. Anaingia na kutoka kama sokoni." Kisha, "Ukimwambia Sheila nakufa mimi, na kabla sijafa nakuua wewe."

Nikamuuliza, kwa bunduki ipi?

Kacheka mpaka machozi. Nami nikacheka. Nilidhani leo nimempoteza.

Jumamosi, 1 Novemba

Saa mbili asubuhi mlango unagongwa. Nimetoka na bukta, funguo kwenye kamba shingoni. Zote mbili. Naoga nazo.

Afisa. Kaomba aone kabati. Nikafungua. Ndani hewa tupu. Kamgeukia Mama, kamuuliza funguo zinakaa wapi.

Mama kajivuta, kakunja mikono. "Sijui," akasema. "Mimi hapa sijui kitu chochote." Kwa fahari, kama anayekula kiapo bungeni.

Afisa kasaini. Nikachukue bunduki dukani Jumatatu. Kauliza kama kuna maandazi. Mama kasema angetoa taarifa yangekuwepo.

Jumanne, 4 Novemba

Bunduki imerudi. Nimeipangusa, nimeifungia. Kabati kubwa, bunduki moja. Sasa inaonekana kweli ni kubwa mno.

Asubuhi nimesikia "hodi" mlangoni kwangu. Nikadhani mgeni. Ni Mama. Tangu nizaliwe hajawahi kunipigia hodi. Anataka kitenge cha tausi, kuna msiba kwa akina Mama Neema. Nikavuta begi chini ya kitanda nikampa. Kinanuka ukungu kidogo. Kakinusa, kajifunga. Kwenye kabati hakuangalia kabisa.

Nitamnunulia kabati lake.

Karudi amechoka, nikamwambia akae, leo nasonga mimi. Nikazamisha mkono kwenye mkebe. Vidole vyenyewe vikaenda chini kabisa, vikatafuta.

Unga tu.