Leso Yako Imebaki Chicago

Mama yangu kipenzi wa Timbwani,

Shikamoo. Baridi ya huku yauma hadi meno, lakini mimi mzima, alhamdulillahi.

Jana alasiri Kaka alinipeleka kusikiliza nyimbo. Mwimbaji ni bibi mweusi wa umri wako, na sauti yake ilinitoa machozi. Wallahi nikajisahau, nikadhani niko arusini Likoni! Nikainuka kumtunza kwa zawadi, nikaenda mbele kwa madaha, nikamfunika mabegani kipande changu cha ile leso yako tuliyogawana mimi nawe. Ukumbi mzima ukanigeukia. Kumbe huku hawatunzi, hupiga makofi tu vitini. Kaka alitamani ardhi immeze.

Bibi akanishika mkono. Akaniambia kuwa usichanani mwake aliimba katika ukumbi uo huo mbele ya Wazungu peke yao, naye akiingizwa kwa mlango wa jikoni. Baadaye vijana wao wakazipenda nyimbo hizi, hata wakakubali kukaa na weusi safu moja. Nyimbo zilipokwisha akatoka kwa mlango wa mbele, leso yako mabegani.

Niwie radhi, Mama. Kipande kilichobaki kwako jifunge Ijumaa, ujue sasa una dada Marekani.

Nakubusu mikono,
Zuhura wako