Eda ya Bi Zuhura

Shangazi Rukia,

Nilisema. Mbele ya Baba na Ami Badi, sahani za biriani zikiwa bado mezani, nilisema. Wewe ungecheka kwanza, kisha ungeniuliza nilivaa nini.

Tangu ututoke, watu wanakutaja kwa upole ambao hawakukupa ukiwa hai. Siku ya msiba walijaa sebuleni kwetu Al Twar, huku ugenini, wakisimulia jinsi ulivyokuwa mchapakazi, jinsi ghala zima la Jebel Ali lilivyokutegemea. Na kwamba maskini, hukupata mwenzio. Maskini! Bi Zuhura alikuwa jikoni kwetu akimimina kahawa. Tangu nipate akili nawajua nyinyi wawili katika nyumba moja ya mtaa wa Karama, cherehani yake dirishani, viatu vyako vya kazini mlangoni. Siku ile mtu alimwambia, "Pole, ulikuwa jirani mwema." Akajibu, "Ahsante." Mimi nilikuwa nimebeba sinia. Nikaendelea kugawa vikombe. Unanijua.

Ijumaa iliyofuata nilimpelekea chakula. Mlango ulipofunguliwa nilidhani nimekosea nyumba, maana hapakuwa na harufu ya udi. Bi Zuhura hakupaka wanja. Alivaa dera jeupe lisilo na ua hata moja, yeye aliyekuwa akikusuta kwamba unavaa kama askari. Nikamuuliza kama anaumwa.

"Nakaa eda, mwanangu," akasema. "Kwani nani mwingine atamkalia?"

Kisha akaendelea kushona pindo la abaya ya mteja.

Hakuna aliyempa eda ile. Si shekhe, si sisi. Aliichukua mwenyewe, akaikaa kama mama zetu wote walivyoikaa, bila manukato, bila matembezi, ndani ya nyumba uliyomwachia. Ila mkataba wa nyumba ulikuwa kwa jina lako, na Baba alishaamua kuirudisha kwa mwenye nyumba. Bi Zuhura, alisema, hatakosa kitanda kwenye chumba cha kuchangia.

Basi siku ile ya biriani Ami Badi akaniuliza nakwenda kusomea nini Afrika Kusini. Baba akanitangulia: "Historia." Alilitamka kama mtu anayefunga mlango.

Nikakukumbuka mkahawani, mhudumu amesimama na mimi nakodolea meza macho, nawe umekataa katakata kuniagizia. "Sema, Nuru. Sauti haing'oi meno." Nikaomba chapati kwa sauti ya panya, ukapiga makofi mpaka watu wakageuka. Nikakumbuka pia nilivyokuonyesha kwenye simu somo ninalolitaka. Ulisoma ukarudia. "Kumbe haya yanasomewa?" Ukacheka, halafu ukageukia dirisha, na Bi Zuhura akaanza kutafuta sindano iliyokuwa mkononi mwake. Ulisema tu, "Nenda ukasome, uje unieleze."

Nikasema: "Historia ya jinsia na mapenzi, Ami. Pamoja na ya watu waliopenda watu wa jinsia yao."

Ami Badi akaweka kijiko chini. "Yaani nani alilala na nani? Binti yangu, hiyo si shahada, huo ni umbeya wa barazani!"

Nikamjibu kwamba umbeya ni pale watu wa barazani wanapoyasema; yakisomwa ni historia. Masikio yalikuwa yanawaka moto, Shangazi, na mikono nimeikalia isionekane.

"Khalas," Baba akasema, akatoa funguo mfukoni. "Tule. Kesho narudisha funguo za Karama."

"Huwezi kumtoa," nikasema. "Yuko edani."

"Eda ya nani?"

"Ya dada yako."

Mama, aliyekuwa akikusanya sahani, akakaa. Hakuna aliyecheka, hata Ami Badi. Kila mtu pale alijua tangu utotoni kwamba mwanamke aliye edani hatolewi nyumbani. Na walijua zaidi ya hapo, nyuso zao ziliniambia. Walikuwa wakijua miaka yote.

Baba aliniambia nimekosa adabu. Akainuka kwenda kuswali Alasiri, na funguo akazirudisha mfukoni. Kesho yake hakwenda. Hakwenda kabisa. Mpaka leo akitaka chumvi anamwambia Mama aniambie mimi. Na amwambie.

Jana eda ilikwisha. Bi Zuhura alikoga, nikampaka wanja mimi, tukachoma udi mpaka jirani akagonga kuuliza kama kuna moto. Mwenye nyumba ameuandika upya mkataba kwa jina lake, na kodi inatoka kwenye cherehani. Viatu vyako bado viko mlangoni. Sikuthubutu kuvigusa.

Mwezi ujao naondoka. Sitakupa jina ambalo hukujiita mwenyewe, na huko darasani sitataja majina yenu wala mtaa wenu. Lakini akisimama mtu aseme kwetu watu kama nyinyi hawakuwepo, kwamba ni mambo ya kuletwa, nitasimama na mimi. Sauti itatetemeka. Nitasema namjua mwanamke aliyekaa eda ya mwenzake, akaimaliza.

Pumzika, Shangazi. Nakwenda kusoma. Nitakuja kukueleza.

Nuru wako