Ajuza wa Sehemu ya Saba

Jumamosi, tarehe 4
Nimefunga cherehani saa tisa, nikaenda ukumbi wa video kama kila Jumamosi. Sehemu ya saba ya ile sinema ya pepo. Upuuzi mtupu. Pepo alichomwa sehemu ya nne, akazikwa ya tano, leo yupo tena. Mlango unaolia ni ule ule. Safari hii wamemtia ndani ya ajuza: nywele nyeupe, macho mekundu. Wameishiwa, sasa wanatutisha kwa uzee. Kilichoniokoa ni Saidi, mwenye ukumbi, anayetutafsiria kwa kipaza sauti. Kila ajuza alipotokea, alimwita "mchawi wa Kakuyuni." Watu walivunjika mbavu. Nami nilicheka.

Jumapili, tarehe 5
Leo sinema ya mapolisi wawili, sehemu ya tano. Gari linaruka, mtu analipuka, mzaha. Mwingine analipuka, mzaha tena. Ile ya kwanza niliipenda kwa sababu waliogopa kufa. Sasa hakuna anayeogopa. Basi mimi nihangaike kwa nini? Nimetoka kabla haijaisha.

Jumanne, tarehe 7
Binamu yangu Kadzo amepiga simu kutoka Kakuyuni, kijijini kwetu. Hawe, bibi yetu mzaa mama, ameitwa mchawi wa sinema. Dukani, mbele ya watu. Ni vijana waliokuja mjini Jumamosi, wakamsikia Saidi ukumbini. Jana walirusha mawe juu ya mabati yake. Leo asubuhi amekuta karatasi mlangoni: ahame au achomwe ndani.

Macho yake ni mekundu kwa moshi wa kuni. Nywele ni nyeupe kwa sababu ameishi. Huko kwetu wazee wameuawa kwa sababu ndogo kuliko hizi.

Na mimi nilicheka.

Jumatano, tarehe 8
Kadzo ameipeleka karatasi kwa chifu. Mimi nimekwenda kwa Saidi.

"Ni mzaha tu, dada," akasema.

"Kakuyuni haimo kwenye sinema, Saidi. Umeitia wewe. Hawe wangu anaishi pale."

Akaanza habari za watu kuipenda sinema ile, na kwamba imebakiza siku tatu tu ukumbini. Nikamwambia sikuja kama mtu safi. Nilikaa benchi la mbele nikacheka. Lakini yeye ndiye mwenye sauti. Ijumaa twende wote Kakuyuni, akawaambie mwenyewe.

Ijumaa, tarehe 10
Amekuja, baada ya swala. Sikutarajia. Amesimama pale dukani, chifu yupo, vijana wapo, akasema jina lile alilizua ili watu wacheke, wala sinema haitaji Kakuyuni popote. Bila kipaza sauti, sauti yake ni ndogo. Kijana mmoja ameomba radhi. Wawili wamecheka. Aliyeandika karatasi hajajulikana, na huenda alikuwa pale pale akitutazama. Hilo linanichoma kuliko yote.

Tumemchukua Hawe. Ameacha kuku wake kwa Kadzo. Hakulia. Nimelia mimi, kwa hasira.

Jumapili, tarehe 12
Hawe yuko kwangu mjini, mtaa wa Shella. Sikwenda sinema. Tumekaa mlangoni tukichambua kunde. Akataka kujua hiyo sinema inasemaje. Nikamsimulia yote, tangu ya kwanza. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono ikifanya kazi.

"Na huyo bibi," akauliza, "hana wajukuu?"

Nimefikiri sana. Sijui. Hawakumpa hata jina.