Ngozi ya mapera ya Darlène

Kisimba,

Mi nimeenda Sandoa kumuona mutoto ku internat, kule anasomaka na kulala. Patia kuku maji. ~~Bukari na sombe yako ya kula biko mu sufuria.~~

Juzi nilipika mapera ya Darlène, nikachuja mbegu, nikapaka ku bâche ya plastiki pa jua ikauke kama ngozi, juu anapendaka kuitafuna. Leo asubuhi nakuja kuikunja, nakuta wewe umemwanga juu yake mawe yako ya kobalti uliyotoka kuosha, na maji yake yote, eti nayo ikauke! Uliwaza ni matope? Matope inanukaka mapera?

Sasa naenda kwa mutoto mikono mitupu.

Bukari nimepatia jirani. Mu sufuria nimekuwekea mawe yako. Chumvi utatia mwenyewe.

Shemeji yako,
Mama Darlène