Nilivyompa Baba Mkwe Mgongo Nikiwa Juu ya Pikipiki

Alhamisi. Ukungu umekaa mpaka saa nne, kisha jua likachungulia kidogo na kurudi ndani. Ofisi ya kata haina mtu. Mguu wa kulia nimeuweka juu ya debe, bado unavuta kidogo kwenye kifundo.

Siku mbili sijaandika. Aibu ikinikamata huwa siandiki, nafua. Nimefua mpaka mapazia ambayo hayakuwa machafu.

Jumanne nilianguka na pikipiki.

Sitaki kuiita ajali, maana ajali ina mwendo. Mimi nilikuwa gia ya kwanza, mwendo ambao bibi mwenye mzigo wa kuni kichwani angenipita na kunisalimia.

Kwa anayesoma hapa mara ya kwanza: mimi ni afisa mifugo wa kata, huku Mbebe, milimani Ileje. Nimezaliwa Mlowo, kando ya barabara kuu, na nimeolewa huku kwa Wandali, mwaka wa sita sasa. Mume wangu, baba Tumaini, anafanya kazi mpakani Tunduma na anakuja nyumbani mara mbili kwa mwezi. Mimi na binti yetu tunakaa kiwanja kimoja na wakwe zangu, migomba ikiwa katikati.

Migomba hiyo ina kazi yake. Katika ukoo huu mkamwana na baba mkwe hawaonani uso. Siku hizi wako wengi walioacha, ukoo huu haujaacha. Nikimwona mzee anakuja njiani natoka njiani, nampa mgongo, nasubiri mpaka nyayo zake zipite. Kanisani yeye yuko mbele, mimi benchi la mwisho. Akiwa na neno kwangu linapitia kwa mama mkwe. Jina lake silitaji, na nikisema silitaji sina maana ya hapa mtandaoni tu. Mwaka wa kwanza nilidhani ananichukia, nikalia sana. Baadaye nikagundua kwamba na yeye ananikwepa mimi vilevile, anazunguka nyuma ya zizi ili nipite na ndoo zangu kwa raha. Ni heshima, na ni kazi ya watu wawili.

Mwaka jana nilikabidhiwa pikipiki ya kazi. Ni ndefu, nikiikalia vidole vya miguu ndivyo vinavyogusa chini, visigino havifiki. Ukoo ulikaa kikao. Helmeti ndiyo kitu pekee walichokubali bila kujadili, kwa sababu inaficha uso. Mengine yalijadiliwa mpaka chai ikapoa. Mwishoni neno la mzee likanifikia kupitia kwa mama mkwe: aendeshe, lakini siku atakayoanguka, pikipiki irudi ofisini na yeye atembee, kwa sababu mjukuu wangu anahitaji mama.

Nilikubali. Ningekubali chochote siku ile.

Nilikuwa nimeshatembea miaka mingi. Chanjo ya kideri, ugonjwa unaoua kuku, hudondoshwa machoni na inataka ubaridi, na kata hii ina vitongoji ambavyo ukivifikia kwa miguu barafu imeshakuwa maji ya kunawa. Kuna wiki nilichanja kuku kitongoji cha mwisho, na wiki iliyofuata wakafa karibu wote. Mama mmoja aliniambia mbele ya watu kwamba nilimdondoshea kuku wake maji machoni. Alikuwa sahihi. Sitaki kurudi kule. Nikinyang'anywa pikipiki, ninarudi kule.

Sasa niseme ukweli ambao hata baba Tumaini haujui. Jumanne haikuwa mara ya kwanza. Ilikuwa ya nne.

Ya kwanza ilikuwa Tunduma, nilipofuata dawa. Nilisimama katikati ya foleni ya malori, nikashusha mguu, kumbe pale pana shimo limejaa tope. Nikalala taratibu mbele ya madereva ambao hawakuwa na kitu kingine cha kutazama tangu asubuhi. Dereva mmoja Mzambia akashuka, akainyanyua pikipiki kwa mkono mmoja, akaniita bamayo, yaani mama kwa Kibemba, akarudi kwenye lori lake bila kucheka. Ningependelea angecheka.

Ya pili, kituo cha mafuta Mlowo. Nilishuka nikiwa na hakika nimeweka stendi. Sikuweka. Na aliyekuwa anajaza mafuta nyuma yangu nilisoma naye shule ya msingi, nilikuwa ndiyo kwanza nimemweleza maendeleo yangu.

Ya tatu ilitokea uani kwangu, injini imezimwa, naipangusa vumbi. Hiyo sielezi.

Basi, Jumanne. Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Nilifunga boksi la chanjo kwenye keria, nikavaa mabuti ya mpira, nikatoka. Mbele kidogo ya kanisa kuna kona yenye kisiki cha mlingoti, yaani mkaratusi. Upande wa juu ni ukingo uliokatwa, umesimama wima, hata mbuzi hapandi. Upande wa chini ni majani, kisha mtaro, kisha bonde. Nilipokata kona nikamkuta mzee, hatua kama kumi na tano, amemshika ng'ombe wake mwekundu kwa kamba. Mimi na helmeti sikumsikia. Yeye nadhani alinisikia, maana alikuwa anamvuta ng'ombe watoke njiani, na ng'ombe hataki, na hata angetaka hapakuwa na pa kutokea.

Mwili wangu ukafanya ulichozoea miaka sita. Ukatoka njiani kuelekea bondeni, ukageuza uso, ukampa mzee mgongo. Ulisahau tu kwamba uko juu ya pikipiki.

Tairi la mbele likaingia kwenye majani. Nikashusha mguu wa kulia kukanyaga chini, chini haikuwepo. Pikipiki ikaanza kulala, na mimi nikalala nayo. Ilichukua muda. Nilipata nafasi ya kufikiri kwamba naanguka, na nafasi nyingine ya kufikiri ni nani anaona.

Tulipofika mtaroni injini ilikuwa bado inanguruma, mguu wangu uko chini, na bomba la moshi limelalia buti. Mpira ukaanza kunuka. Nilijaribu kuvuta mguu, haukutoka. Nikasukuma pikipiki, haikusogea. Barabara ile saa ile haina mtu. Alikuwepo mmoja tu, na huyo mmoja ndiye mtu pekee katika kata nzima asiyeruhusiwa kunisogelea.

Alikuwa ameshanipa mgongo. Nilimwona kwa pembeni ya helmeti, amesimama. Niliogopa. Siogopi kusema kwamba niliogopa, kwanza moto, halafu yeye.

Kisha akamwambia ng'ombe: "Mwambie huyo aliyelala azime injini kwanza."

Aliongea Kindali, mimi naandika Kiswahili chake. Nikazima.

"Ng'ombe, muulize kama mguu unasikia."

Nikamjibu ng'ombe kwamba mguu unasikia, ila umebanwa na unapata moto. Sauti yangu ilitoka ndogo. Nadhani ndiyo mara ya kwanza mzee kunisikia nikisema kitu kisichokuwa wimbo wa kanisani.

Akaachia kamba. Akashusha kofia mpaka puani, akaanza kuja kinyumenyume, anapapasa njia kwa fimbo. Hatua moja, anasimama, hatua nyingine. Alipofika kwenye majani akateleza, akakaa mtaroni kwa makalio, puu. Tulikuwa wawili chini, tumepeana migongo, na ng'ombe ndiye peke yake aliyesimama. Nilitaka kucheka mpaka machozi yakanitoka ndani ya helmeti, na sina uhakika yote yalikuwa ya kucheka.

Alinyanyuka, akashika keria kwa mikono miwili nyuma yake, akainua kidogo. Mguu ukatoka. Buti limeyeyuka kipande, ngozi imekuwa nyekundu tu.

Halafu akamfundisha ng'ombe kunyanyua pikipiki. Naandika maneno yake kwa sababu miezi yote hii hakuna aliyewahi kuniambia. Kwanza atoe stendi ikiwa bado imelala, isije ikasimama na kulalia upande wa pili. Halafu asiikabili kwa kifua, kifua hakina nguvu. Aipe mgongo. Akae kwenye kiti kama anakaa kigodani, ashike usukani kwa mkono mmoja na chuma cha chini kwa mkono mwingine, asukume kwa miguu, arudi nyuma kidogo kidogo.

Aipe mgongo. Nilirudia maneno hayo kichwani.

Nikaipa mgongo, upande wa usukani. Yeye akaipa mgongo upande wa keria. Tukasukuma. Kati yetu palikuwa na boksi la chanjo na hewa. Sote wawili tulikuwa tunatazama bonde: mahindi, kahawa ya jirani, bati moja jipya linang'aa chini kabisa. Miaka sita katika kiwanja kimoja, na hiyo ndiyo mara ya kwanza mimi na mzee kutazama kitu kimoja kwa wakati mmoja.

Pikipiki ikasimama. Kioo cha pembeni kimevunjika. Boksi halikufunguka.

"Ng'ombe, twende," akasema. Wakaenda. Uso wake sikuuona na wangu hakuuona, kwa hiyo hakuna mila iliyovunjika, isipokuwa kioo.

Niliendelea na safari. Kuku waliokuwa wananisubiri walichanjwa wote. Lakini kazi yenyewe niliifanya kama mtu anayeaga. Kanuni nilikuwa naijua, na aliyeitunga ndiye aliyenikuta mtaroni.

Jioni mama mkwe alileta maziwa, akakaa, akaongelea paa la kanisa. Nikasubiri neno la mzee. Halikuja. Nikasema basi, litakuja kesho, anataka kulisema vizuri.

Jumatano nikaiacha pikipiki uani, nikatembea. Afadhali niirudishe mwenyewe kuliko kuambiwa, ndivyo nilivyojipanga. Nilitembea nikichechemea mpaka kitongoji cha karibu, na niliporudi saa tisa barafu ilikuwa imeshakwisha na dozi zilizobaki nikazimwaga. Njiani kwenda nilimwona mzee kwa mbali anatoka na jembe na sululu. Nikatoka njiani, nikampa mgongo. Kwa miguu ni jambo rahisi sana.

Jioni mama mkwe akaja tena na maziwa.

"Mama Tumaini, pikipiki ina nini leo?"

Nikajua ndiyo hapo. Nikapiga magoti palepale nikaeleza yote: kona, mtaro, buti, mguu. Nikamwambia naomba msamaha kwa mzee, na Ijumaa naipeleka ofisini.

Alinisikiliza mpaka mwisho, kikombe mkononi. Halafu akaanza kutikisika. Mama mkwe wangu huwa hacheki kwa sauti, anatikisika.

"Yeye alirudi na tope mgongoni kote," akasema. "Nikamuuliza. Akaniambia ng'ombe ndiye aliyeanguka."

Kwa hiyo hakusema. Nimejisema mwenyewe.

Aliendelea kutikisika muda mrefu. Akaniambia enzi zao mzee alikuwa anashusha kahawa kwa baiskeli, magunia mawili nyuma, na kwamba kuanguka alikujua kuliko kuendesha. Nikamuuliza, sasa mimi nifanye nini na pikipiki. Akasema yeye hajasikia habari ya mtu yeyote kuanguka, amesikia habari ya ng'ombe. Akachukua chombo chake cha maziwa akaondoka.

Leo asubuhi nimeiwasha. Nimefika kwenye ile kona kwa gia ya kwanza. Nikasimama.

Ule ukingo wa juu umemegwa. Udongo mwekundu, mbichi, bado una alama za sululu. Amechimba nafasi ndani ya ukingo, chini amesawazisha na kupanga mawe yasiteleze. Kwenye mizizi ya kisiki amepigilia kigingi cha kufungia kamba.

Wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba amenitengenezea pa kutokea, ili nikimwona nipate mahali pa kuingiza pikipiki bila kwenda mtaroni. Nikashuka, nikaweka stendi, nikahakikisha nimeweka stendi. Nikapima kwa hatua. Nikaisukuma mpaka pale nijaribu. Usukani haukupita.

Nikapima tena. Upana ni wa mtu mmoja na ng'ombe mmoja.

Pikipiki haiingii pale, na haikukusudiwa kuingia. Atakayetoka njiani ni yeye.

Nimekaa na jambo hili tangu asubuhi na kazi haijaenda. Najiuliza mtu anashukuruje kwa kitu kama hiki, na ni kwa kupitia kwa nani. Labda kwa ng'ombe.

Kesho nina chanjo kitongoji cha juu. Nitapita kwenye ile kona polepole, na hata nikisikia kwato, nitatazama mbele.