Madoa ya Mikononi Mwako

Dada yangu Salma,

Siku ya hitma yako sikula. Nilikaa barazani kwetu Jang'ombe nikimtazama mumeo Hamadi, nikiitazama ile mikono yake inayobeba mizigo bandarini Malindi, nikijiuliza ni upi uliokuua.

Unakumbuka ulivyokuwa ukija kwetu Ijumaa? Ukivua buibui, naona madoa ya buluu mikononi mwako. "Nimejigonga mlangoni," unasema. Wiki nyingine ni kabati. Mama ananitazama, nami namtazama. Mlango gani huo unaompiga mtu kila wiki?

Kisha ukaanguka jikoni kwako huku ukikuna nazi. Hospitali wakasema mshipa wa damu umepasuka kichwani. Mimi nikataka kujua nani aliyeupasua. Mama akamchukua mwanao Rukia, na Hamadi akakatazwa hata kumwona.

Miezi ikapita. Siku moja namwogesha Rukia, nikaona madoa yale yale pajani. Baba yake hajamtia machoni tangu tukuzike. Nikamshuku mwalimu wake wa madrasa. Nikamshuku jirani. Mungu anisamehe, nikamshuku na Mama.

Daktari hakumshuku mtu. Aliishika ngozi ya Rukia kwa upole, akauliza habari zako, akapeleka damu kupimwa. Majibu yalipokuja akaniambia, "Ni maradhi ya nadra, mtu huzaliwa nayo. Kuta za mishipa yake ni dhaifu. Akiguswa kidogo tu, damu huvilia. Na mshipa wa kichwani unaweza kuvimba, ukapasuka wenyewe. Naona mama yake alikuwa nayo."

Kumbe ulikuwa ukijigonga kweli.

Nikamfuata Hamadi Malindi. Alinisikiliza amekaa juu ya gunia, kisha akasema, "Mimi nlidhani mnampiga nyinyi, shemeji. Kila akitoka kwenu nnamwona na alama mpya."

Hata hilo sikuliamini papo hapo.

Sasa Rukia anakaa kwa baba yake, Ijumaa yuko kwetu, na kliniki haachi kwenda. Hamadi nami bado tunachunguzana. Yeye huuliza kwetu mtoto kacheza na nani. Mimi huuliza kwake kalala wapi. Lakini juzi Rukia aliposema kichwa kinamuuma, aliyepigiwa simu wa kwanza ni mimi. "Shemeji, njoo twende naye." Kabla hajamaliza nshavaa viatu.

Yalikuwa mafua tu. Tulirudi naye kwa miguu, kila mmoja kamshika mkono mmoja, taratibu.

Pumzika, Dada.

Mdogo wako wa tumbo moja